Mtoto Aliyenyamazishwa na Kaligula

Bwana yangu Okoth si mtu wa maneno. Muulize kama chai imekolea sukari: atakunywa, ataweka kikombe chini, na hilo ndilo jibu lako. Kazi yake ni kuchomelea milango na madirisha ya chuma kule karibu na reli, na mimi husema zile mashine ndizo zilizommalizia hamu ya kuongea. Lakini mpe kitabu cha Kizungu mkononi, wueh! Hapo utajua huyu mtu ana koo. Kanisani kwetu yeye ndiye mkalimani. Mhubiri akija na Kiingereza chake, Okoth husimama kando na kukigeuza Kiswahili. Mhubiri akipaza sauti, Okoth anapaza zaidi. Mhubiri akiruka, Okoth anaruka. Mhubiri akipangusa jasho, Okoth naye anatoa hanchifu, hata kama hana jasho. Jumapili nikimtazama pale mbele hujiuliza huyu ni nani, na kwa nini hatujawahi kujuana.

Kitabu chenyewe kilitoka kwa mama mkwe. Filister ameuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kisumu Ndogo, Kibera, miaka thelathini, na omena zake hufungwa kwa karatasi. Ananunua magazeti ya zamani na vitabu vilivyotupwa, kwa kilo. Anachana ukurasa, anaukunja koni, anatia omena, anakupa. Mimba yangu ilikuwa na miezi minne Okoth alipokwenda kumsalimia, akakuta juu ya meza kitabu kinene: historia ya Warumi wa kale, Kiingereza chepesi cha kusomwa na mtu yeyote, si cha maprofesa. Mama mkwe alikuwa ameshafungia wateja kurasa arobaini. Okoth akamnyang'anya kilichobaki. Kwa hivyo kwetu sisi Warumi wanaanza ukurasa wa arobaini na moja. Mji umeshajengwa, watu wanapigana. Nani aliujenga na kwa nini, waulizeni watu waliokula omena mwezi wa tatu.

Akakileta nyumbani kikinuka ziwa lote. Tangu siku hiyo, kila jioni akitoka kazini, anaoga, anaketi kwenye stuli karibu na kitanda, anaanza kunisomea. Sentensi moja ya Kiingereza, kisha anaigeuza Kiswahili kwa ile sauti ya kanisani. "Seneti ikakutana! Seneti ikakataa!" Mimi nimelala hapo na tumbo langu, miguu imefura, na majirani upande wa pili wa mabati wanaitikia ameni.

Mwanzoni nilikasirika. Mimi ni msusi, nashinda nimesimama nikivuta nywele za watu, na nikirudi nyumbani sitaki habari za marehemu wasionihusu. Nilimwambia, "Okoth, huwezi kunisomea kitu cha wajawazito?" Akafikiri. Akafungua ukurasa mwingine, wa Warumi walivyokuwa wakizaa, na wangapi walikuwa wakifa. Nikamwambia arudi kwa Seneti.

Lakini polepole wale watu walinishika. Walikuwa na nyumba za kupangisha, orofa sita, mwenye nyumba anaweka vifaa hafifu, nyumba inawaangukia wapangaji, naye anajenga nyingine. Choo cha umma watu walikaa bega kwa bega, hakuna ukuta, wanaulizana bei ya ngano. Fitina sasa, usiseme. Fulani kamtilia fulani sumu, fulani kamuoa mke wa fulani angali na mimba yake. Nikamwambia Okoth, "Hawa si watu wa kale. Hawa ni watu wa Kawangware." Nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nimezaliwa huko, mimi Nasike, Mluhya wa Kawangware, na mama yangu Eddah bado anauza mboga hukohuko.

Sasa hapo kwenye Kawangware ndipo shida yote ilipolala.

Baba yake Okoth, marehemu Osewe, aliondoka hapa Kisumu Ndogo asubuhi moja akamwambia mkewe anakwenda Kawangware kwa fundi wa saa. Hiyo saa ilitengenezwa miaka sita. Alipatikana huko na mama mwingine, akaishi naye, akaugua, akarudishwa Siaya ndani ya sanduku. Ni miaka minane sasa. Filister alikwenda mazishini, akasimama wima mpaka mwisho, akarudi kuuza omena, na tangu siku hiyo hajatamka jina la Osewe. Anamwita "yule". Na Kawangware hakanyagi. Siku ya wazee wao kuja kwetu kujitambulisha, mama mkwe alituma leso na soda kreti mbili, yeye mwenyewe akabaki Kibera. Mimi ananiita Nyar Kawangware, yaani binti wa Kawangware, na anavyolitamka utafikiri ni jina la ugonjwa. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyeumizwa, na mimi nimetoka upande ule alikoumizwa.

Basi mtoto akazaliwa mwezi wa nane. Mvulana, kilo tatu na nusu, na koo la babake la Jumapili. Mchana kutwa alikuwa malaika, lakini ikigonga saa kumi jioni, aki ya nani! Alilia mpaka akawa mwekundu, akanyoosha miguu, akakunja ngumi. Kliniki muuguzi akasema ni gesi tu, itaisha baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Nikamuuliza kama aliwahi kusikia mtoto akilia ndani ya nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi. Akaita mteja mwingine.

Mabibi nao hawakutaka kusikia mambo ya gesi. Dani, nyanya wa Kijaluo wa Kisumu Ndogo, na kukhu, nyanya wa Kiluhya wa Kawangware, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi, hapo walikubaliana: mtoto anataka jina. Kwa Wajaluo na kwa Waluhya desturi hiyo haipishani sana. Jina la kanisa lilikuwa tayari, Isaac, hilo halikuwa na neno. Lakini kuna jina la nyumbani, na hilo kuna marehemu analingoja. Mtoto analia kwa sababu huyo marehemu anabisha hodi na hamumfungulii. Mnataja waliokufa mmoja mmoja, na mtoto akinyamaza, ndiye huyo. Sisi wiki mbili tulikuwa bado tunamwita Mtoto, na kitabu cha kliniki kiliandikwa "Mtoto wa Nasike".

Jumapili moja baada ya ibada wakakutana kwetu. Saa kumi ikafika, mtoto akaanza. Filister, kwa kuwa mtoto ni wa upande wake, akamchukua mikononi, akaanza.

"Kama ni wewe Odindo, nyamaza unyonye."

Kilio.

"Kama ni wewe Ogutu, nyamaza."

Kilio zaidi, ni kama Ogutu alimkosea.

Akawataja wote. Wajomba, mababu, kaka yake aliyekuwa na kinanda, mpaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye hata hakuwa wa ukoo, alikuwa tu mtu mwema. Sote mle ndani tulijua ni jina gani moja halijatajwa. Mjukuu wa kwanza, mvulana, na babu yake yuko kaburini! Nilimwona Okoth akifungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. Hajawahi kuniambia, lakini nilikuwa najua: alitaka jina la babake kwa mtoto wake kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, na hangelitamka mbele ya Filister hata umchome na ile mashine yake ya kazi.

Mama yangu akapewa zamu. "Kama ni wewe Khamala, baba yangu, nyamaza." Kilio. "Kama ni Makokha." Kilio. Mama akamaliza watu wa Bungoma, akaanza wa Busia, na mtoto bado anapasua mabati.

Okoth akashindwa kuvumilia. Akafanya kile anachofanya akizidiwa: akachukua kitabu chake, ambacho hakuwa amekigusa tangu mtoto azaliwe, akafungua pale alipokuwa amefikia, akaanza kusoma akiwa amesimama, kwa sauti ya juu ili asikike juu ya kilio.

"Na watu wakajaa barabarani kwa furaha! Wakamwita nyota yetu! Wakamwita kifaranga chetu, mtoto wetu! Naye akaingia Roma! Na jina lake! Likawa! Kaligula!"

Kimya.

Mtoto amefumbua macho, ametega sikio. Akapiga mwayo mmoja, akalala. Tukatazamana. Nje kuku alikuwa akiparura, na tulimsikia.

Kisha Filister akapiga kigelegele. "Jina limepatikana!"

"Mama," nikasema, "huyo ni Mrumi."

"Kwani Julius ni Mjaluo? Titus ni Mjaluo? Kanisani kwetu kuna Kornelio watatu na wote wanaimba besi. Hujawahi kulalamika."

"Lakini huyo hatumjui!"

"Mtoto anamjua," akasema, akamfunika vizuri. Nikamtazama usoni nikaona kitu kilichoniuma hata na hasira zangu zote. Alikuwa amepumua. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akiogopa kuitwa, na sasa ameitwa mwingine. Jina lolote lingemfaa, hata la Mrumi, bora lisiwe lile moja. Akatangaza kwamba Jumamosi tutachinja kuku na watu wa kanisa waje.

Walipotoka nikamgeukia Okoth. "Huyu Kaligula alikuwa mtu gani?"

"Watu walimpenda."

"Endelea."

"Akiwa mdogo alivaa buti ndogo za askari. Wanajeshi wakampa hilo jina."

"Halafu?"

"Halafu akawa mfalme. Halafu akaugua."

"Halafu?"

Okoth akageuza ukurasa. Upande wa pili alikuwa mfalme mwingine kabisa, mzee anayechechemea, baba mdogo wa yule kijana. Nikachukua kitabu. Kati ya ugonjwa na mzee anayechechemea kulikuwa na kurasa kama nane zilizogandamana kwa maji ya omena, ngumu kabisa. Alikuwa ameziruka.

"Okoth! Unampa mwanangu jina la mtu ambaye hujui alimalizaje?"

"Watu walimpenda," akasema, na hapo maneno yake ya siku hiyo yakaisha.

Kufikia Jumanne, mtaa mzima ulikuwa na habari. Mama mkwe alikuwa akiwaambia wateja, omena mkono mmoja, "Mjukuu wangu ameletwa na mfalme." Mwenye genge akaanza kuniita Mama Kali. Nikamwambia hapo sina ubishi, lakini mtoto hajapewa jina bado, anipimie nyanya zangu.

Jumatano nikambeba mtoto mgongoni, kitabu nikakifunga kwenye leso, nikaenda kwa mama yangu Kawangware. Kusoma kule Kisumu Ndogo sikuweza, kwa sababu meza ya mama mkwe inatazamana na mlango wangu. Mama alikuwa anachemsha maharagwe. Nikakishika kitabu juu ya ule mvuke, kurasa zikaanza kulegea. Kisha nikatoa kwenye pochi chanuo langu la mkia, lile la kazi, nikaanza kuzigawa kurasa kama ninavyogawa nywele za mteja: unaingiza ncha taratibu, unasikiliza, hung'ang'anizi. Mbili zilichanika pembeni. Nyingine zikaachana salama, na katikati nikamkuta omena mmoja mzima, amekauka, amelala juu ya Seneti.

Sijasoma kitabu tangu kidato cha pili. Nilisoma kwa kidole, maneno magumu nikiyauliza simu, mtoto kwenye titi, na mama akikata mboga za sukuma na kusikiliza.

"Alipona ule ugonjwa," nikamwambia, "lakini hakurudi vile alivyokuwa."

"Malaria ya kichwa," mama akasema.

"Kuna mtu aliapa kwamba mfalme akipona, yeye yuko tayari kufa badala yake. Alipopona, akamwambia, haya basi, kufa."

"Ai!"

"Alikuwa na farasi. Farasi ana zizi la marumaru, mama. Hori la pembe za ndovu. Blanketi za zambarau na mkufu wa vito. Wanasema alitaka kumfanya kiongozi wa nchi."

Mama akaweka kisu chini. Akatazama paa lake, pale ambapo mvua huingilia. "Farasi?"

"Farasi. Halafu akapeleka jeshi lote ufukweni kupigana, na walipofika akawaambia waokote makombe ya baharini wajaze kofia."

"Na sisi tunataka kumwita mtoto hivyo?"

"Dani wake anataka." Nikaendelea na kidole changu, na nikafika mwisho wake. Nikausoma mara mbili. "Mama. Aliuawa. Walinzi wake wenyewe, kwenye ujia, kwa panga. Alikuwa na miaka ishirini na nane."

Mama akasimama kabisa. Kwetu na kwa Wajaluo, mtu aliyemwagwa damu namna hiyo hampi mtoto jina. Unamwacha alale. Nitasema ukweli, Mungu anisamehe: sijawahi kufurahia kifo cha mtu kama nilivyofurahia kile.

"Basi Kaligula ametoka," nikasema. "Lakini sasa jina litakuwa gani?"

"Jina lipo," mama akasema, akarudia sukuma yake. "Mwenye nalo ndiye hataki kulitoa." Akakata, akakata. Kisha akasema, "Huyo Osewe mimi nilimjua."

Nikageuka nusura mtoto aanguke. "Ulimjua?"

"Nani hakumjua? Alikuwa anakaa hapo jirani, Riruta, nje ya kinyozi, na gazeti. Anasomea watu. Anasoma Kiingereza, anageuza Kiswahili, kwa sauti utafikiri anaita mkutano. Watu walikuwa wanachelewa kazini kwa sababu yake. Mimi mwenyewe nilichoma maharagwe mara mbili."

"Mama! Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Ungeolewa?" akauliza.

Nilibaki nimeshika kile kitabu, na kichwa changu kikaanza kufanya kazi yake.

Alhamisi nilijaribu. Saa kumi mtoto akaanza, nikamshika mbele yangu nikamwambia, "Kaligula." Kilio. "Kaligula!" Nikamwimbia, nikamnong'oneza, nikamwambia mara kumi. Alilia mpaka jirani akagonga mabati. Saa kumi na moja na nusu Okoth akaingia, hajaoga hata, na nikamwambia, "Shika kitabu. Soma popote, lakini usitaje jina la mtu." Akanitazama kama mtu aliyeoa vibaya, akasoma kuhusu bei ya mafuta ya zeituni. Kufikia pipa la pili, mtoto alikuwa kimya, macho wazi, anasikiliza. Miezi mitano yule mtoto alilala tumboni mwangu akisomewa Warumi kila jioni! Hakuwa na shida na Kaligula. Alikuwa anamtaka msomaji.

Sikumwambia Okoth neno. Nikameza, nikangoja Jumamosi.

Jumamosi watu walijaa. Viti vilikopwa kanisani, vikapangwa nje kwenye kijinafasi kati ya mlango wangu na meza ya omena, na kwa juu unaona maghorofa ya Nyayo Highrise na nguo zimeanikwa. Mama yangu akaja na gunia la mboga. Filister alivaa kitenge kipya. Alipokuwa karibu kusimama kutangaza, mimi nikasimama kwanza.

"Mama," nikasema, "kabla hujamwita, nimemsoma. Naomba watu wasikie ni nani anakuja nyumbani."

Nikawasomea kwa Kiswahili changu cha saluni. Yule aliyeambiwa afe, watu wakashika midomo. Filister akapunga mkono. "Kila boma lina mmoja kama huyo."

Nikawasomea farasi. Wanakwaya wakacheka mpaka wakashikana. Filister hakutikisika. "Alipenda mifugo."

Nikawasomea makombe ya baharini. "Alikuwa mtu wa ziwani," akasema. "Sasa naelewa kwa nini alikuja kwetu."

Huyu mama, wueh! Nikaona nitashindwa. Nikasoma mwisho: ujia, walinzi, panga.

"Aliuawa?" Filister akauliza.

"Na watu wake mwenyewe, Mama."

Kicheko kikakatika. Wazee wakatikisa vichwa. Filister akakaa chini polepole na kitenge chake kipya, na uso wake ukawa ule wa mtu aliyekuwa akiogopa kuitwa. Na hapo hapo, kama ametumwa, saa kumi ikagonga na mtoto akaanza.

Filister akaruka. "Basi mwingine! Hawakosi wengine humo! Tiberio!" Kilio. "Kama ni wewe Augusto, nyamaza!" Kilio. "Nero!" Mchungaji akakohoa. "Ponsio Pilato!"

"Mama Okoth!" mchungaji akasema. "Huyo hapana!"

"Mwacheni Okoth asome," nikasema. Nikamwekea mume wangu kitabu mkononi. Alikuwa amekaa nyuma ya watu wote, mikono kati ya magoti.

"Nisome wapi?"

"Popote. Soma tu."

Akafungua. Sauti yake ikaanza chini, halafu Jumapili ikamwingia. "Na Kaisari Vespasiano! Akaweka kodi! Juu ya mkojo! Mkojo uliokusanywa kwenye vyoo vya mji! Na mwanawe akamwambia, baba, hiyo ni aibu! Naye akachukua sarafu, akamwekea puani, akamuuliza, je, inanuka?"

Mtoto alinyamaza kwenye neno kodi. Kufikia sarafu alikuwa ametega sikio lote, mkono mmoja hewani. Watu walikuwa wakitazamana wakitafuta ni jina lipi.

"Ni Vespasiano?" mtu akauliza.

"Hakuna jina hapo," nikasema. "Ni mkojo tu. Mtoto hajali jina. Anataka hiyo sauti. Mama, hiyo sauti wewe unaijua."

Kumwambia mama mkwe hivyo mbele ya watu! Okoth alikuwa ameacha kusoma, na kidole chake kimebaki juu ya mstari.

Filister akageukia meza yake ya omena. Kisha akaanza kuongea, si na mimi, ni kama na ile meza.

"Alikuwa anasimama hapo. Mteja anangoja, mimi nachukua karatasi nifunge, ananinyang'anya. Ngoja Filister, nimalize hii. Anasoma bei ya pareto. Sisi tulikuwa na pareto? Anasoma ajali za Brazili. Kwa sauti hiyo hiyo, watu wanasimama, nami nauza maradufu." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa. "Halafu akaenda kuwasomea watu wengine. Miaka sita! Mimi nafunga omena kimya, ukurasa unapita, ukurasa unapita, sijui hata umeandikwa nini, kwa sababu mimi kusoma sijui. Nilimkasirikia mpaka leo. Hata leo nimekasirika."

Okoth akainuka. Bwana yangu, mtu wa kikombe chini, akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake kwenye mavumbi, akasema, "Mama, mimi namtaka baba." Maneno manne. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku aliyonioa.

Filister akaninyooshea mikono nimpe mtoto. Nikampa. Akamweka usawa wa uso wake, akamkagua paji, pua, masikio, kama mtu anayekagua noti.

"Osewe," akasema.

Miaka minane. Mama yangu alianza kulia, na yeye hata hakuwa wa ukoo. Mtoto akamtazama dani wake, akacheua maziwa kidogo juu ya kitenge kipya, akatulia. Filister hakupangusa. Akamkazia macho, machozi na hasira na kicheko vyote usoni pamoja, akamtikisa kidogo.

"Osewe wewe!" akamwambia. "Hata kurudi kwangu ilikuwa lazima upitie Kawangware?"